Gundi ya Mzinga wa Babu

Nilipokuwa mtoto kule Mkunya, hapakuwa na mtu mzima, awe wa msikitini au wa kanisani, aliyethubutu kugusa mzinga wa nyuki wa mtu aliyefariki kabla ya arobaini yake. Ilisemwa kwamba nyuki wanamjua mwenye mzinga, na mpaka siku hiyo bado wanamfanyia kazi yeye. Ukichukua chao umechukua cha marehemu, naye atakuja kudai fungu lake. Arobaini ikifika, mrithi ndiye aliyefungua, na sega la kwanza liliachwa chini ya mti. Niliyasikia hayo tangu sijajua kufunga khanga, na sikuwahi kumsikia mtu akiyabishia.

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa na mizinga ya magogo aliyoitundika kwenye miti ya msituni iliyobaki pembeni ya mikorosho yetu. Watu walimfuata yeye kwa asali, na walimfuata Bibi kwa gundi. Gundi ya nyuki si nta ya sega. Ni utomvu mweusi wenye harufu kali, ambao nyuki huziba nao nyufa za nyumba yao. Babu aliukwangua kwa kisu kwenye vifuniko vya mizinga, akamletea Bibi, naye akaushindilia kwenye kopo la maziwa ya unga lililokaa kwenye uchaga juu ya jiko, ambako moshi uliufikia. Akitaka kuutumia aliulainisha juu ya kigae cha moto. Wanawake waliobangua korosho walikuja kwake, vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda. Walikuja wenye visigino vilivyopasuka, wenye jino lililotoboka, na watoto waliojikata kwa panga. Wengi walipona, na hata leo siwezi kusema kwamba ile dawa ilikuwa ya uongo.

Siku moja Babu aliniita nione kitu ndani ya mzinga aliokuwa anausafisha. Mjusi alikuwa ameingia humo akafa. Nyuki walishindwa kumtoa, basi wakampaka gundi mwili mzima, macho na mdomo pamoja. Alikuwa mkavu, hanuki hata kidogo. Babu akaniambia nyuki wanajua kufunga maiti. Nilicheka, lakini usiku niliota ule mdomo.

Bibi alikuwa na sharti moja asilolilegeza. Kidonda kilichoingia ndani, cha mwiba, cha kisiki au cha msumari, hakipakwi gundi. Kinaoshwa kwa maji mengi ya moto yenye chumvi, kinaachwa wazi, na mgonjwa anapelekwa zahanati akachomwe sindano.

"Gundi inaziba," alikuwa akisema. "Haichagui inachokiziba."

Ni sharti jepesi kulitamka. Lakini juu kule mlimani wakati wa kiangazi, maji mengi yalikuwa hadithi. Tuliyafuata bondeni, tukateremka alfajiri na kuupanda mlima ndoo kichwani, na ndoo ilipofika nyumbani ilikuwa imeshapangiwa kazi yake. Mtoto aliyenawa uso mara mbili aliulizwa anaoa au anaolewa.

Babu alifariki mwanzoni mwa msimu wa korosho. Bibi akaingia eda, akakaa chumba cha ndani, hatoki wala hapokei mgonjwa. Nyumba ikabaki mikononi mwa mama yangu. Mama alikuwa mgeni pale. Alitoka Chiungutwa, upande wa Masasi, na ingawa alikuwa ameshatuzaa, mimi Somoe na mdogo wangu Bakari, shangazi yangu Zainabu, dada yake Baba, bado alimwita "huyo mwanamke wa kaka." Chumvi ikizidi kwenye mchuzi, habari ilifika kwa shangazi kabla ya chakula kwisha. Mama aliishi kama anayefanya mtihani kila siku, na msimu ule alitaka sana kuufaulu.

Siku Bakari alipoumia, Baba alikuwa shambani na watu waliokuwa wakiokota korosho, na Mama alikuwa anawapikia. Ndoo moja ya maji ndiyo iliyobaki, imefunikwa kwa sinia. Bakari alikanyaga kisiki nyuma ya banda la mbuzi, kikamwingia kwenye unyayo karibu na kisigino. Hakikuwa kidonda kikubwa, ila kilikwenda ndani. Mama alimkalisha kizingitini, akanipa mguu niushike, akafuta damu na uchafu kwa ncha ya khanga. Aliiangalia ile ndoo. Kisha akapanda juu ya kinu, akateremsha kopo la Bibi, akalainisha gundi na kulijaza tundu lote mpaka likawa laini kama sakafu iliyosilibwa.

Bakari alipiga kelele. Sauti ya Bibi ikatoka ndani, nyuma ya ukuta wa udongo.

"Mama Somoe, kuna nini?"

"Kisiki tu, Mama. Nimeshamtibu."

"Umeosha?"

"Nimeosha."

Nilikuwa bado nimeushika mguu wa Bakari, nikamtazama Mama, naye akanitazama kwa jicho la kuniambia ninyamaze. Bibi hakuuliza tena.

Siku zilizofuata Mama alikuwa na furaha ambayo sikuizoea. Gundi ilishika vizuri, kidonda hakikutoa usaha, Bakari alirudi kukimbizana na mbuzi. Mama alimwonyesha jirani ule unyayo. Nadhani kwa mara ya kwanza alijiona mtu wa nyumba ile.

Baada ya kama wiki hivi, asubuhi moja, Bakari alishindwa kufungua mdomo ale uji. Tulidhani anadeka. Baba akamtania kwamba amejaza mabibo mdomoni. Jioni shingo ilikuwa imekakamaa, na mlango ukigongwa mwili wote ulijipinda nyuma kama upinde, meno yameumana, uso umevutika kana kwamba anacheka. Alikuwa na akili zake zote, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Macho yake yalinifuata kila nilipokwenda. Mimi nilikuwa namwona yule mjusi.

Walimchukua kwa baiskeli, kisha kwa gari, mpaka hospitali ya misheni Ndanda. Walimlaza kwenye chumba chenye giza ili asishtuke, wakafanya waliyoweza. Alirudi amefungwa ndani ya shuka. Mama alirudi na jina la ugonjwa, pepopunda, ulioingilia kwenye kidonda.

Lakini nyumbani hakuna aliyetaka jina la hospitali. Watu walikuwa wameuona mdomo. Mtoto amepakwa gundi na mdomo wake umefungwa, hata mimi wa miaka tisa nilijumlisha. Matangani, shangazi Zainabu alikaa mbele ya Mama, akauliza taratibu, wote wanasikia:

"Wifi, hiyo gundi nani alimpaka mwanetu, na ilitoka mzinga gani?"

Mnapaswa kuelewa swali lile lilibeba nini. Arobaini ya Babu ilikuwa bado. Mwanamke aliyefungua mzinga wa mkwe wake kwenye msiba angerudishwa kwao siku ile ile, na mimi ningebaki Mkunya bila mama. Angesema imetoka kwenye kopo, wangemuuliza mbona Bibi ametumia kopo hilo miaka yote na hakuua mtu. Hapo ingembidi aseme kuhusu kisiki, na maji, na neno "nimeosha." Mama alifungua mdomo.

Bibi akasema kabla yake. Wanawake walikuwa wamejaa mpaka chumbani kwake, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Gundi ni yangu. Nilitoka eda kwa siri, nikaenda kwenye mzinga wa baba yenu. Nikaichanganya na ile ya kopo. Mama Somoe hakujua kitu."

Shangazi alimtazama mama yake mzazi kwa muda mrefu. Kisha akaondoka pale alipokaa, akaenda kukaa karibu na mlango, na wanawake wengine wakajivuta nyuma wakafuata. Kwa kauli ile moja Bibi alikuwa amevunja eda, amevunja arobaini, na amemwua mjukuu wake.

Hakuna mtu aliyemletea kidonda tena. Baba aliiteremsha mizinga akaichoma moto, na kopo likatupwa chooni. Watoto wenzangu walikimbia wakimwona. Wazee waliitikia salamu yake kwa kichwa.

Lakini hayo yote nilikuwa tayari kuyaelewa. Nilichoshindwa kukielewa ni Mama. Nilitegemea ampigie Bibi magoti, maana yeye alijua kopo alilolifungua kwa mikono yake. Badala yake aliamini. Sijui aliamini siku gani. Labda alianza kwa kutaka tu, usiku mmoja apate usingizi, na usingizi ukawa mtamu. Aliacha kumwamkia. Asubuhi alipita mbele ya mlango wa Bibi bila shikamoo, na Bibi kutoka ndani alijibu hivyo hivyo, polepole, kwa mtu ambaye ameshapita: "Marahaba, mwanangu."

Mimi ndiye niliyempelekea Bibi maji. Siku moja, eda imekwisha, tumekaa tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini, nilimwambia kile kilichokuwa kinanichoma.

"Bibi, gundi ya lile kopo aliileta Babu. Nilimwona. Hapakuongezwa kitu."

Hakuacha kumenya. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi ishie hapo. Mama yako ana mtoto wa kulea, ndiye wewe. Mimi nimeshalea."

"Lakini wewe hukufanya kitu."

"Ndiyo," akasema. "Sikufanya kitu. Nilikuwa ndani nikamsikia mtoto analia, nikamsikia mama yake anasema ameosha. Maji sikuyasikia. Nikajiambia, niko eda, sitoki."

Jibu lile nililibeba miaka mingi kabla halijafunguka. Bibi alikiri mbele za watu kwamba alitoka, na kosa lililokuwa likimla ni kwamba hakutoka. Adhabu aliyopewa kwa uongo aliipokea kama ni yake, na ndiyo maana hakuwahi kulalamika. Alizikwa na watu wachache. Mama alipika msibani, akafanya kila linalompasa mkwe, ila chozi halikumtoka. Nililia kwa ajili yetu wote wawili, tena kwa hasira.

Sasa naishi Masasi mjini, nashona nguo za shule na za harusi, na Mama ninaye nyumbani, mzee, macho yamepungua nguvu. Juzijuzi binti yangu Rukia alirudi kutoka sokoni na kichupa cha gundi ya nyuki. Siku hizi wanaiyeyusha kwenye spiriti, wanaibandika karatasi yenye picha ya ua, wanaiuza kwa vikohozi na vidonda na kila kitu. Sikumkataza. Kwa mkwaruzo naipaka mwenyewe. Lakini mwanawe Idi alikuwa amekanyaga msumari uani, na Rukia alikuwa ameshakifungua kile kichupa.

"Weka chini," nikamwambia. "Katafute bodaboda, tunakwenda kuchoma sindano."

Nikamchukua mtoto mpaka bombani, nikaushika mguu. Mama alikuwa kwenye mkeka karibu yetu. Harufu ilikuwa imemfikia. Alinyoosha shingo.

"Hiyo gundi mmeuliza imetoka mzinga wa nani?"

"Wa mtu aliye hai, Mama."

Akachezea ncha ya khanga yake. "Bibi yako naye," akasema. "Angesubiri tu ile arobaini, mwanangu leo angekuwa na wajukuu."

Nimewahi kufikiri kwamba siku ya kulisikia neno hilo tena nitamwambia ukweli. Bibi anastahili, na mimi nimechoka kuwa peke yangu ninayemjua. Lakini nilimtazama yule mzee aliyemzika mtoto wake, na nikaona alichopewa na mkwe wake matangani. Alipewa mahali pa kuweka kifo cha Bakari mbali na mikono yake, naye amepashikilia mpaka leo. Kukirudisha kifo kile mikononi mwake sasa ni kazi ambayo Bibi alikataa kuifanya, tena alikuwa na haki kuliko mimi.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Angesubiri."

Kisha nikafungua bomba lote, nikaendelea kumwosha mtoto mguu, hata Rukia aliporudi na kusema pikipiki iko nje na maji yanamwagika bure.