Fundi na Vidole Vyangu

Fundi baiskeli wa mtaani kwetu Queensbury, Mhindi wa Unguja, huipindua kila baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu na kulisikiliza huku amefumba macho. Ukimsemesha, huinua kidole kimoja cheusi kwa grisi, nawe hunyamaza. Nilimpelekea yangu wiki moja kabla ya safari ya Italia. Nikamwambia nitaendesha kutoka Lucca, mji wa kale, hadi vilima vya jirani, na kwamba kitabu cha watalii kimesema njia ni rahisi. “Rahisi kupanda au kushuka?” akauliza. Nikakiri kwamba kila mteremko, hata ule mfupi wa Kingsbury, mtaa wa jirani, huushuka nikikokota baiskeli. “Mimi mwoga tu, mzee.”

Hakucheka. “Hebu lete mkono, mwanangu.” Akavinyoosha vidole vyangu vifupi juu ya usukani, akalegeza skrubu, akausogeza mkono wa breki karibu, akapima, akausogeza tena. Akainua gurudumu la mbele, akalizungusha, akaniambia nibane. Gurudumu likasimama papo hapo. “Si woga huo,” alisema akijifuta mikono. “Vidole vilikuwa havifiki.”

Vilimani juu ya Lucca, wenzangu walisimama kupiga picha mizeituni. Mimi nilikuwa nimeshafika chini, nageuza nipande tena.