Dada Foleni na Jengo la Watu wa Kwanza

Saa tatu asubuhi, Dada Foleni amepiga magoti chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, laptopu yake ikiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ukutani, ruta ya kugawa intaneti inapepesa taa za kijani. Ukiitazama utasema mambo shwari. Wapi!

"Taa hizi zisikudanganye," anasema bila kugeuka. "Intaneti ipo. Shida ni kusukumana mlangoni."

Wateja ndio waliompa jina hilo la utani, maana hawezi kueleza kazi yake bila kutaja foleni. Alianza kwa kuvuta nyaya darini. Siku hizi huitwa kuamua, pale laini moja inapotumiwa na wapangaji wengi, kifaa cha nani kitangulie.

Leo ameitwa na mkalimani wa lugha ya alama wa ghorofa ya pili, ambaye hufanya kazi kwa simu za video. Saa nne atakuwa kati ya daktari na mama mmoja kiziwi anayehitaji upasuaji. Wiki iliyopita picha iliganda mama huyo akiwa katikati ya swali. Mama akakata simu, na upasuaji ukaahirishwa.

"Mikono yake ilibaki hewani hivi," mkalimani anaonyesha. "Mpaka leo sijui alitaka kuuliza nini. Dada yangu, ikiganda tena, harudi yule."

Dada Foleni anafungua mipangilio ya ruta. Anasoma, anasita, halafu anajipiga kofi pajani. "Haa! Kumbe mchawi ni mimi mwenyewe!"

Mwezi uliopita kila mpangaji alimvuta pembeni. Mwenye duka: niweke mbele. Mwanafunzi: nina mtihani, dada. Mwenye nyumba naye, na tamthilia zake. Kwa haya zake hakumnyima mtu, akavipa vifaa vyote kipaumbele cha kwanza.

"Sasa wote wakiwa mbele, nyuma kuna nani?" anauliza, akicheka kwa uchungu.

Anaanza upya. Anapima kasi ya laini, kisha, ajabu, anaiagiza ruta itumie pungufu kidogo ya kasi hiyo. Mtu apunguze kitu anachokitafuta?

"Laini ikijaa kabisa, foleni inaanzia kule kwa kampuni ya intaneti, na kule hawamjui mkalimani wala mgonjwa wake," anaeleza. "Nataka ianzie hapa kwangu, niipange mwenyewe."

Simu za video anaziweka mbele, kupakua mafaili mwisho kabisa. Anabaki mwenye nyumba, ambaye ndiye humpa kazi katika majengo yake yote. Dada Foleni anapiga hodi kwake.

"Shikamoo, mzee. Nimekushusha."

"Marahaba. Umenishusha kwenye nyumba yangu mwenyewe?"

"Tamthilia yako runinga inaivuta mapema na kuiweka akiba. Simu haina akiba, mzee. Ikichelewa, imeharibika."

Mzee anakuna kidevu. "Na ikinikwama?"

"Nipigie kelele."

"Nitakupigia kweli!" Lakini anakubali.

Saa nne, kwa ruhusa ya mgonjwa, Dada Foleni anasimama kando ya mlango wa mkalimani. Kwenye skrini mikono ya mama inakwenda, inapinda, inafika. Mkalimani anaitafsiri kwa sauti.

"Anauliza: mtanifunga mikono?"

Daktari hasogei kwenye skrini. Dada Foleni anadhani picha imeganda. Hapana, ni daktari anafikiri.

"Mwambie itabaki huru mpaka alale," daktari anasema. "Na akiamka, ataikuta huru."

Mama anatazama alama za mkalimani mpaka mwisho. Kisha anajibu kwa mkono mmoja tu.

"Anasema, basi anakuja."

Dada Foleni anajifuta macho kwa kiwiko. Huko chini tamthilia ya mzee inaendelea, haijakwama hata kidogo. Akikunja waya wake, anasema amepata jambo la kujifunza mwaka huu, na tayari amemwomba mkalimani amfundishe lugha ya alama.

"Miaka yote hii napitisha maneno ya watu," anasema. "Siku moja nataka nimgeukie mtu kiziwi, nimwambie kwa mikono yangu mwenyewe: zamu yako."