Majani Ndani ya Maji

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: mwani ukishavunwa, ukaanikwa, ukapikwa, ile hewa ya ukaa uliyoinyonya baharini inaenda wapi? Chuoni niliandika kwamba kulima mwani kutasaidia kupunguza joto la dunia. Sasa nilikuwa nimepata kazi Pwani, kuwafundisha akina mama kuulima, na tayari nilijiona tapeli.

Aibu yenyewe ilikuja Jumapili. Jijini mimi niliishi mtaa wa Kabiro, Kawangware, lakini maombi ya shukrani yalifanyika kwa mama yangu, mtaa wa Mashimoni, alikouza omena, wale dagaa wa ziwani. Wanawake wa kanisa walijaa hadi mlangoni. Mama akasimama.

"Mungu amempa kijana wangu kazi. Anaenda kupanda majani ndani ya maji."

Karibu wote walikuja jijini kutoka ziwani, na miaka ile gugumaji, majani yanayoelea, lilikuwa limefunga ziwa. Ndugu zao walishinda ufuoni, mashua zimenaswa.

"Kupanda?" jirani akauliza. "Yawa! Sisi tunaomba yaondoke, huyu amesomea kuyapanda?"

"Mama Digrii, hata omena utakosa!" mwingine akamdakia mama. Nyumba ikaangua kicheko.

Mama alinitazama, akingoja nimtetee. Ningesema tu kwamba mwani si gugumaji. Lakini nikawaza: na wakiniuliza lile swali langu?

"Ni kazi ya ofisi tu, mama zangu," nikasema. "Hayo majani ni mambo ya vitabu."

Mama akaketi, akaanza kumimina chai. Nilikuwa nimemfanya mwongo nyumbani kwake.

Wiki nzima walimtania kibandani pake pa omena. Nilitamani anifokee. Aliniuliza tu, "Kwani ni kazi ya aibu?"

Jumamosi nikashuka Mashimoni na kipande cha mwani mkavu nilichopewa na mwalimu wangu. Jirani zake walikuwa palepale, wakichagua omena. Nikaomba beseni la maji, nikautumbukiza. Ulipoanza kuvimba, wakasogea.

"Hili si gugumaji," nikasema. "Mwani huu ni wa maji ya chumvi; ukiutia ziwani utakufa. Mama alisema kweli. Mimi ndiye niliyewadanganya."

"Na unasaidia nini?" jirani akauliza.

"Ukikua unanyonya hewa inayotia dunia joto. Ukishavunwa, sehemu ya hewa hiyo hurudi angani. Kiasi gani, sijui."

"Na umesoma hivyo vyote?"

"Nimesoma, na bado sijui."

Akauchukua, akaunusa, akakunja uso. "Mama Digrii, kijana wako anaenda kulima kitu kinachonuka kama omena zako!"

Safari hii mama alicheka pamoja nao. Nikamwomba aite maombi tena. Kesho yake nilisimama mwenyewe mbele ya wanawake wale wale, nikasema naenda kupanda majani ndani ya maji. Jumatatu nikapanda basi la Mombasa.