Mchicha wa Kando ya Mfereji

Yudith Ndahani alizaliwa Kibakwe, akaolewa Dodoma, na huu ni mwaka wa kumi na tisa analima mboga Nzuguni. Shamba lake ni robo ekari, kwenye mteremko. Juu, karibu na jiko, kuna kisima cha maji ya chumvichumvi ambayo kiangazi hayatoshi. Chini unapita mfereji wa majitaka kutoka mjini, usiokauka mwaka mzima. Mchicha wa huko chini ulikuwa na majani mapana kama kiganja, na ndio uliomletea wateja.

Agosti ya mwaka juzi alikuja Shakila, mwanafunzi wa chuo kikuu, na vifuko vya plastiki mkononi.

"Shikamoo mama. Naomba udongo wako kidogo, na mboga kidogo, nikavipime."

"Marahaba. Chukua tu mwanangu, udongo hauishi."

Wiki sita zikapita. Shakila aliporudi, aliomba kwanza wakae.

"Mama, mchicha wa chini una risasi."

"Risasi? Ya bunduki?"

"Ni madini, mama. Yamo kwenye betri za magari. Yanakuja na maji ya mfereji, yanatulia kwenye udongo, na mboga inayanyonya. Ukiipika hayatoki. Wa juu hauna shida."

Yudith hakusikia hilo la mwisho. Alikuwa anamtazama binti yake Anna, aliyeketi mlangoni akichambua mboga, mimba yake miezi saba. Tangu siku alipopata habari ya mimba ile, Yudith alikuwa akimlisha mchicha kila siku ili aongeze damu.

"Na mtoto aliye tumboni je?"

"Yanaweza kumfikia. Ndiyo maana sikukupigia simu, nimekuja mwenyewe. Twende akapimwe."

Kesho yake Anna alitolewa damu, ikapelekwa Dar es Salaam. Wakaambiwa wasubiri wiki mbili.

Yudith hakuweza kukaa. Aling'oa mchicha wote wa chini, akaufunga kwenye viroba, na jirani alipouomba kwa ajili ya mbuzi wake akamnyima. Kisha akaanza kuwazungukia wateja wake, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyemtuma.

"Nimekuwa nikikuuzia mboga mbaya bila kujua," alimwambia kila mmoja. "Kama umebakiza, usiipike."

Wengine walimshukuru. Wengine walimshangaa, wakasema mchicha ni mchicha tu. Rukia, mteja wake wa siku nyingi na mama wa watoto watatu, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Miaka minne, Mama Anna. Miaka minne nawalisha wanangu mboga yako."

Akafunga mlango.

Siku ya majibu, daktari aliisoma karatasi mara mbili kabla ya kusema. "Ipo kidogo sana, kama ninayoikuta kwa watu wengi tu hapa mjini. Sioni cha kututia hofu. Endelea na kliniki yako, mama kijacho."

Benchi lilikuwepo, lakini Yudith alikaa sakafuni, akacheka huku machozi yakimtiririka.

"Mama, inuka, watu wanatuangalia," Anna akanong'ona.

"Waache waangalie."

Ni njiani kurudi ndipo alipoelewa kilichomwokoa binti yake. Mboga ya nyumbani siku zote aliichuma juu, kwa sababu ni karibu na jiko, na kwa sababu majani yake madogo hayauziki. Ile nzuri aliwauzia watu. Alipolifikiria hilo, kicheko kilikatika.

Asubuhi alikuwa tena mlangoni kwa Rukia, safari hii akiwa na Shakila.

"Unisamehe, mwenzangu. Lakini sikuja kwa hilo tu. Nimekuja tuwapeleke watoto wakapimwe."

Rukia akaingia ndani, akajitanda khanga, akatoka na watoto wote watatu.

Wakubwa wawili hawakuwa na neno. Wa mwisho, Halfani wa miaka mitatu, kiwango chake kilikuwa juu kidogo. Daktari alisema hakuna haja ya dawa: asile tena mboga ile, apate maziwa, mayai na maharage, arudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Basi kila asubuhi Yudith alipeleka maziwa kwa Rukia. Siku za kwanza Rukia aliyapokea mlangoni tu. Baadaye akaanza kumkaribisha chai.

Desemba Anna alijifungua mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, mwenye sauti ya kusikika wodi nzima. Walimwita Edward. Mwezi huohuo maofisa wa mazingira waliufuata mfereji mpaka kwenye yadi moja iliyokuwa ikivunja betri chakavu na kumwaga maji yake mferejini, wakaifunga. Udongo, Shakila alisema, hautapona haraka hivyo. Kule chini Yudith amepanda miti ya nguzo, na mchicha anaulima juu tu, mdogomdogo, kwa maji ya kisima.

Februari simu yake iliita akiwa anapalilia. Alikuwa Rukia, bado yuko hospitalini alikompeleka Halfani kupimwa tena.

"Mama Anna! Kimeshuka! Daktari anasema kimeshuka kabisa!"

Yudith naye akaanza kupiga kelele palepale kati ya matuta, na kwa muda wakawa wanaongea wote wawili kwa pamoja, hakuna anayemsikia mwenzake.