Supu ya Mzazi

Chumbani tulikuwa watano: mimi kitandani, wadogo zangu Shija na Kulwa, na majirani zetu Mama Zena na Bi Tausi.

Nilikuwa nimetoka hospitali. Walinipasua kwa vitundu vidogo, wakaondoa nyama zilizoota nje ya kizazi, zilizonitesa kila hedhi tangu nilipoacha shule kuwalea hawa wadogo. Kwa aibu ya kutaja hedhi mtaani nikamfundisha Kulwa: "Wakiuliza, sema dada kafanyiwa opareshini ya kizazi." Nilijiona mjanja!

Mama Zena akaleta kuku mzima, supu imekolea pilipili manga. Tulimfyonza hadi mifupa. Kisha Bi Tausi akaja na khanga, akatazama tumbo langu lililovimba kwa gesi waliyonijaza wakati wa upasuaji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lala nikufunge tumbo."

Nikadhani ni huruma tu. Alipofunua gauni akakuta plasta tatu ndogo, akaganda.

"Mtoto alipita wapi hapa?"

"Mtoto gani, bibi?"

"Kwani hukuzaa?" Mama Zena akadakia. "Nilidhani mtoto kabaki hospitali. Na kuku wangu wa mzazi?"

Shija akaangua kicheko. Nikajiinua, nikapaza sauti mtaa mzima usikie:

"Sijazaa! Naumwa ugonjwa wa hedhi, unaitwa endometriosisi, na aibu imekwisha leo. Lakini mzazi ni mimi. Hawa wawili nimewalea tangu mama afariki, na supu sikuwahi kuletewa."

Mama Zena akashika tumbo lake, lenye mtoto kweli.

"Haya, mzazi. Lakini nikijifungua, kuku wangu namtaka."

Siku zake za kujifungua zimekaribia. Kuku wa kumlipa sijapata.