Tiki Niliyoifuta Ukutani

Sisemi kwa kujisifu, lakini huwezi kutoka Ukunda ukafika Msambweni bila kuupita ukuta wangu. Shule niliiacha darasa la nne. Nilianza kwa kuwachotea mafundi maji ya zege. Leo mafundi kumi na wanne wananiita bosi, na nyumba za ghorofa Diani nimejenga tatu. Nasema nimejenga. Ndivyo tusemavyo sisi wakandarasi, hata kama mwaka mzima hatujashika mwiko. Mwenye kulipa na kusimamia ndiye aliyejenga. Mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza.

Bibi mmoja niliyemjengea nyumba alikuwa amebandika karatasi kwenye friji yake, ameandika mambo anayotaka kuyafanya kabla uzee haujamkamata. Akimaliza moja anatia tiki. Nikajiuliza, kwani yeye ana nini nisichokuwa nacho mimi? Nikarudi stoo kwangu Bongwe, nikachukua penseli ya seremala, nikaandika ukutani mambo sita ya kutimiza kabla ya miaka hamsini. Kujua kuogelea. Kusoma kitabu kizima. Kwenda Msambweni kwa baiskeli. Kupanda minazi kumi. Kupiga zumari. Na la sita: kumtengenezea mama mbuzi ya kukunia nazi, kwa mkono wangu mwenyewe.

Hilo la sita lilikuwa na sababu. Mbuzi aliyokuwa akikalia mama tangu nikiwa mtoto aliichonga marehemu baba, na mchwa walikuwa wameimaliza. Nikamwambia ya dukani zipo tele. Akasema, "Ya dukani haina mwenyewe."

Kuogelea nilijifunza kweli, na maji ya chumvi nikayanywa. Baiskeli pia niliendesha. Kitabu nilifika katikati, nikatia tiki. Minazi ilipandwa na kibarua. Nilisimama hapo hapo nikimwonyesha mashimo, nikatia tiki. Na mbuzi? Nilimwendea seremala wa jirani, nikachagua mbao ya mvule, nikamwambia miguu aikunje hivi na chuma akikaze vile. Siku tatu ikawa tayari. Nikaipiga msasa kidogo pembeni, nikatia tiki kubwa kuliko zote.

Nilipompelekea mama kwake Msambweni, aliigeuza, akaipapasa kwa kiganja.

"Umeifanya wewe?"

"Kwa mkono huu, mama."

Akaniombea dua ndefu. Nami, haya sina, nikaitika amin.

Miezi ikapita. Kila mgeni akionyeshwa ile mbuzi, nami kila mtu nikimwambia nimebakisha zumari tu. Ikaja arusi ya mpwa wangu, ikafanywa hapo kwa mama. Asubuhi wanawake walikuwa uani wakikuna nazi za wali, na mama katikati yao juu ya mbuzi yake. Chuma kikalegea, kikawa kinacheza.

Shangazi yangu akapaza sauti. "Fundi si huyu hapa? Mkandarasi! Hebu shuka kwenye gari lako utufungie chuma, au mpaka tulete simenti?"

Wakacheka. Nikashuka nikicheka nao. Mama akainuka akanipisha, na uso wake ulivyokuwa! Alikuwa akingoja waone.

Nikatafuta msumari. Nikapata wa inchi nne, nikauweka kwenye ncha ya ule ubao unaoshika chuma, nikapiga nyundo kama napiga mbao za zege. Pigo la pili, mvule ukapasuka, ukafunguka mpaka karibu na kikalio.

Shangazi akakiokota kipande, akakitazama kwa jicho moja.

"Mbona aliyeitengeneza alitoboa kwanza kwa keekee? Tundu lake hili hapa. Wewe umesahau kazi yako mwenyewe?"

Mimi, ambaye maneno hayajawahi kuniishia mbele ya mhandisi wala chifu, nikajifanya natafuta msumari mwingine. Nyundo ilikuwa mkononi, jasho likinitiririka mgongoni ndani ya kanzu mpya.

Ndipo mama akasema, "Mwacheni mwanangu. Mkono huo una ganzi tangu alipoanguka kwenye ngazi huko saiti. Hataki tu kuwaambia."

Sijapata kuanguka kwenye ngazi maisha yangu. Na mama huyu ndiye aliyenishika sikio nikiwa na miaka saba, kwa kukana sukari niliyoilamba, akanizungusha nyumba nne za majirani niseme, "Nimesema uongo, nisameheni." Leo alikuwa amesimama mbele ya majirani wale wale, macho yake chini, akiusema uongo kwa ajili yangu.

"Masikini! Nasi twamcheka!" Shangazi akaona haya, akanivuta nikae kwenye mkeka. Akaleta mafuta ya nazi, akanipandisha mkono wa kanzu, akaanza kunikanda. "Wauma hapa? Au hapa?"

"Hapo," nikasema.

Nikakaa nikikandwa mkono mzima, mwanamume wa miaka arobaini na tisa, wanawake wakinipa pole mmoja mmoja. Mama hakunitazama. Aliazima mbuzi ya jirani, akaendelea na nazi zake.

Nilirudi Bongwe nikaifuta ile tiki kwa kidole na mate. Kisha nikafuta ya minazi, na ya kitabu. Zilibaki mbili.

Sasa kila Jumamosi naenda kwa yule seremala. Hanilipishi, asema kunitazama nikishika randa kunamtosha. Mbuzi ya kwanza haikukunjika. Ya pili ilikunjika, haikukunjuka. Hii ya tatu inasimama, ila ukiikalia inaegemea kushoto. Tundu la chuma nimelitoboa kwa keekee, taratibu, kabla ya msumari.

Mama hunipigia simu kila Ijumaa. Nasema shikamoo, aitika marahaba, kisha huuliza, "Na mkono, waendeleaje?" Hata akiwa peke yake huuliza hivyo hivyo.

"Bado, mama," najibu. Siku nitakayompelekea mbuzi inayokalika, nitamwambia ile iliyopasuka aliichonga nani. Mpaka sasa ninachoweza kumwambia ni hilo tu, bado.