Dalmas Omolo na Miche Iliyokufa Gizani

Alizaliwa Alego mwaka 1911, akabatizwa akiwa mtu mzima, na mwaka 1938 akaja Elburgon pamoja na mkewe, Akeyo, kutafuta kazi ya msitu. Jumapili alifundisha katekisimu. Siku nyingine alikuwa nyapara wa kitalu cha miti. Watakatifu wengine walifufua wafu. Wetu, ambaye Roma bado haimjui, aliua miche elfu mbili.

Mwaka 1954 ugonjwa ulikuwa umekausha misaipresi mingi ya hapo. Ulipatikana mti mmoja ambao haukuugua, na vijiti vyake vikakatwa ili vioteshwe mizizi. Maagizo yalikuwa mepesi: chovya kila kijiti katika unga wa dawa ya mizizi, kisha ezeka matete machache juu, mwanga upenye. Lakini jua la Februari lilikuwa kali, naye Dalmas akavionea vijiti huruma kama watoto wachanga. Akaongeza magunia, akiamini kwamba dawa ingetosha. Kumbe kijiti kisichoona mwanga hakina cha kulisha mizizi, hata ukipake dawa namna gani. Baada ya wiki kumi vilikuwa vimeoza.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikimwona kila Mkikuyu kuwa mwasi. Alikamatwa Wangui, mjane Mkikuyu aliyemwagilia kitalu maji, akaambiwa ametia sumu. Angepelekwa kizuizini. Akeyo alimsihi mumewe, "Nyamaza, baba Owuor. Wanawashuku Wakikuyu, si sisi." Dalmas akanyamaza siku mbili, na katika siku hizo Wangui alipigwa hadi mguu ukavunjika. Inaniuma kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya tatu alisimama mbele ya msimamizi wa msitu na askari. "Bwana, hiyo magunia niliweka mimi. Huyu mama hana makosa."

Wangui akaachiliwa. Dalmas alichapwa viboko, akafungwa Nakuru, na Agosti akafa gerezani kwa homa ya mapafu.

Waumini husimulia kwamba kijiti kimoja, chini ya gunia lililotoboka, kilitoa mizizi. Wangui alikipanda mlangoni pa kanisa, na hadi leo wagonjwa huegemea shina lake wakiomba. Kama ni muujiza au ni lile tundu la gunia, mimi sibishani na mtu.

Wangui alichechemea hadi kufa kwake. Alipoulizwa kama alimsamehe Dalmas, alijibu, "Alichelewa. Lakini alikuja." Basi tumwige, ndugu zangu, ila sisi tusingoje siku ya tatu.